Mwanamume wa Jumanne

Kila Jumatatu Gorata Seleke alikuwa wanawake watano. Wa kwanza alifunga kilemba chekundu, akasimama mbele ya simu iliyoegemezwa juu ya ndoo ya unga, akatabasamu na kuwafundisha watu kukanda unga wa skonzi. Akimaliza huzima, akavua chekundu, akafunga cha bluu, akawa Gorata wa Jumanne. Jua likianza kuteremka, Gorata wote wa wiki nzima walikuwa wameshasema yao, na simu imeshapangiwa: huyu atoke leo, yule kesho, yule keshokutwa. Wafuasi wa Jiko la Gorata walikuwa maelfu, na wote waliamini kwamba binti yule husimama mbele ya oveni kila siku ya Mungu akiwa amependeza vile. Hawakujua kwamba chini ya meza alivaa kaptula ya kulalia.

Usimcheke. Mtu anayeoka nyumbani na kujionyesha kwa watu, asipoigawa wiki yake, wiki itamgawa yeye. Gorata alikuwa amepaka rangi nyeusi ukuta mmoja wa jiko la shangazi yake pale Mogoditshane, ukawa ubao, na juu ya ubao ule wiki ilipangwa kwa chaki za rangi. Jumatatu video. Jumatano skonzi za maofisini. Alhamisi kupamba keki za harusi. Ijumaa kukanda, na Jumamosi alfajiri kuoka, maana skonzi ya Gorata haikuwahi kutoka langoni ikiwa ya jana. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake mjini. Jumapili kanisa, kisha kulala kama gogo.

Na Jumanne alasiri, kati ya “kuosha ndoo” na “kujibu maoni”, kwa chaki ya kijani, paliandikwa: Phenyo.

Phenyo Ramotse alikuwa fundi wa pampu za visima, mrefu, mpole, na mikono yenye grisi ambayo sabuni zote za Botswana zilikuwa zimeshindwa kuiondoa. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili alikuwa kwenye ng'ombe wake huko porini. Siku nyingine alikuwa vijijini, kichwa ndani ya kisima. Ilibaki Jumanne. Mwaka mzima penzi lao lilikuwa likiishi ndani ya Jumanne, na Mungu shahidi, lilikuwa limenenepa.

Jumanne hii alikuja mapema, shati limepigwa pasi.

“Dumela, mma,” akasema mlangoni.

“Dumela, rra. Umewahi. Bado nina ndoo mbili.”

“Nami nizisubiri ndoo?”

“Zimeandikwa kabla yako.”

Phenyo akacheka, akakunja mikono ya shati, akachukua brashi na kuanza kusugua ndoo moja. Gorata alijifanya anaangalia povu, lakini macho yake yalikuwa kwenye mishipa ya mikono ile. Phenyo akainua uso ghafla, akamkamata.

“Unatazama nini?”

“Naangalia kama unasugua vizuri.”

“Nasugua vizuri?”

“Chini hapo hujafika,” Gorata akasema, na mashavu yakamwaka moto.

Phenyo akaiweka brashi. Kulikuwa na jambo. Toka alipoingia midomo yake ilikuwa ikichezacheza.

“Gori, nikikuambia kitu utakitunza?”

“Inategemea ukubwa. Friji imejaa.”

“Sikutakiwa kukuambia. Wajomba zangu wameshaongea na shangazi yako na wakubwa wenu. Wamekubaliana. Wewe hutakiwi kujua chochote mpaka siku yenyewe. Lakini tangu Jumapili maneno yananiwasha ulimi, siwezi tena.” Akavuta pumzi. “Wanakuja. Kuomba kibuyu cha maji.”

Ndoo ikamponyoka Gorata. Mtu akija kwako kabla ya jua, amevaa koti, amefuatana na kaka zake, akaomba kibuyu cha maji, huyo hana kiu. Amekuja kukuchukulia binti. Gorata alilijua hilo tangu utotoni, na alikuwa amelingojea kwa siri tangu Jumanne ile ya kwanza. Akamrukia Phenyo shingoni na mikono yake yenye povu, na kwa muda pale jikoni hapakuwa na ndoo wala ubao.

Kisha akaliuliza lile swali.

“Lini?”

“Jumamosi.”

“Jumamosi ya mwezi ujao?”

“Jumamosi hii.”

Mikono ya Gorata ikateleza polepole kutoka shingoni mwa Phenyo.

“Phenyo, hii ina harusi na msiba.”

“Sasa itakuwa na posa pia.”

“Nina keki ya ghorofa nne! Nina ndoo za skonzi za msiba! Watu wanakuja kuchukua hapahapa uani alfajiri. Wajomba zako watakaa wapi, juu ya trei?”

“Wewe kazi yako ni kukaa chumbani, kimya, mpaka uitwe. Ndiyo mila.”

“Na oveni itafunguliwa na nani? Na mila?”

“Si umwambie mtu akusaidie?”

“Nimwambie nani? Shangazi atakuwa amekaa na wajomba zako.” Akageuka kwenye ubao, akapitisha kidole juu ya siku, uso umejaa hesabu. Kisha ukang'aa. “Nimepata! Waambie waje Jumanne. Alasiri. Muda huu huu, si ni wako? Nitawaokea hata vimkate vya diphaphatha.”

Phenyo akautazama ubao.

“Unataka wajomba zangu, na makoti yao, waje kuomba mke kati ya kuosha ndoo na kujibu maoni?”

“Maoni naweza kuyasogeza.”

“Gorata, unajua wananiitaje kule kwenye ng'ombe? Wananiita Rra Jumanne. Mjomba Oduetse ndiye aliyeanza. ‘Rra Jumanne, leo Jumamosi umetoka wapi, umeruhusiwa?’ Nacheka nao. Lakini nikifika hapa, natazama ukutani, najiona nimeandikwa kijani. Nini kingine umekiandika kijani?”

Vya kijani vilikuwa viwili tu: Phenyo, na kuzibua bomba la maji machafu.

“Nakupenda,” Phenyo akasema, sauti ikikwaruza. “Lakini sitaki kuwa kazi moja kati ya kazi zako.”

“Kazi zangu?” Sasa ilikuwa zamu ya Gorata kuvimba. “Ng'ombe wako wana Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nzima! Mimi nina alasiri moja, na mimi ndiye mbaya? Kuna ng'ombe hata mmoja aliyeambiwa ahamie Jumanne?”

“Ng'ombe ni mali ya ukoo!”

“Na oveni je? Ni mdoli?”

“Basi chagua!”

Neno hilo halikupaswa kutoka, na Phenyo mwenyewe alijua, lakini ulimi hauna mfupa. Gorata akachukua kitambaa kilicholowa. Akaenda ubaoni. Akafuta mahali pa kijani, mara moja, kutoka kushoto kwenda kulia, kama afutaye unga mezani.

“Haya,” akasema. “Uko huru kabisa. Hata Jumanne huna tena.”

Phenyo akashusha mikono ya shati yake, akafunga vifungo, akaenda. Gorata akabaki ameshika kitambaa, na ndoo moja ilikuwa bado haijasuguliwa.

Tuseme wazi, maana hakuna haja ya kumzunguka msomaji: Gorata alimpenda mwanamume yule mpaka akiwa hayupo chakula kilikosa ladha. Lakini aliogopa. Wiki ile ya ukutani alikuwa ameijenga mwenyewe, kutoka kwenye trei moja ya kuazima. Alishaona rafiki zake wakiolewa, na wiki zao zikagawanywa kama nyama ya sherehe: Jumamosi kwa wakwe, Jumapili kwa mawifi, mwenyewe akabakiziwa mifupa. Hofu hiyo hakuwahi kumwambia Phenyo. Alimwambia habari za trei.

Jumatano hakumpigia. Jumatano Phenyo naye hakupiga. Shangazi Kelebonye, dada wa baba yake, mwanamke mnene mwenye masikio makali, aliupita ubao mara kadhaa, akaliona pengo, akaguna bila kuuliza. Jioni akapokea simu kutoka kwa Mjomba Oduetse, akaenda kuipokea nje kabisa, karibu na banda la kuku, na aliporudi alikuwa amefunga mdomo kama mfuko wa unga. Phenyo alikuwa amewaambia wajomba zake wasije.

Alhamisi Gorata alikuwa amesimama mbele ya keki ya ghorofa nne, mikono imejaa krimu mpaka vifundoni, akilia kidogo na kupamba kidogo, wakati simu ilipoanza kutetemeka juu ya rafu. Ulikuwa muda wa video kutoka, kwa hiyo hakushangaa. Maoni huja moja moja. Lakini safari hii simu haikunyamaza. Ilitetemeka ikatembea, ikafika ukingoni mwa rafu.

Akaenda kuitazama. Alijiona mwenyewe, amefunga kilemba cha manjano, Gorata wa Alhamisi, anacheka, amebeba mkate wa chungu uliofura vizuri. Aliirekodi Jumatatu, akiwa na furaha zake, akijua kesho yake ni siku ya Phenyo. Akaisahau. Sasa yule wa manjano akainua mkate na kusema na dunia nzima:

“Huu si wa kuuza, marafiki. Huu naupikia mtu mmoja. Mnamjua? Hammjui. Ana grisi mikononi na hajui kunyamaza akifurahi. Nampenda! Haya, nimesema. Wajomba zake wakisimama kwenye lango langu, siku yoyote, hata iwe Jumamosi nina keki ya ghorofa nne, nawaapia nazima oveni!”

“Nyamaza!” Gorata akaipigia simu kelele. “Nyamaza, mjinga wewe!”

Akagusa kioo ili aifute. Krimu. Simu haikumtambua. Akajipangusa kwenye aproni, aproni nayo ilikuwa na krimu. Akajaribu kwa kiwiko. Akajaribu kwa ncha ya pua, na pua ikaisambaza video kwa watu wengine zaidi. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalikuwa yamemwagikia wilaya nzima.

“Gorata!” Shangazi Kelebonye aliingia kutoka kwa jirani, viatu mkononi, anatweta. “Gorata mwanangu, umefanya nini?”

“Shangazi, si mimi!”

“Si wewe? Basi yule anayeongea ana pacha? Nimeiona kwa jirani! Imo kwenye kundi la kata! Mchungaji ameweka mikono ya kupiga makofi!” Akajitupa kwenye kiti. “Tangu dunia iumbwe, wajomba ndio huja. Wanakuja wenyewe, taratibu, tunawakawiza langoni, tunajifanya hatuwajui. Leo msichana wa ukoo wetu amewaita! Kwa simu! Akiwa na mkate!”

“Ni ya Jumatatu, Shangazi. Nilirekodi kabla hatujagombana.”

“Na watu wataijuaje Jumatatu yako wakati leo ni Alhamisi?”

Simu ya shangazi ikalia. Ulikuwa ujumbe wa sauti. Shangazi akaubonyeza, na sauti nzito ya Mjomba Oduetse ikajaa jikoni, ikizungumza polepole kama mtu anayehutubia barazani kwa chifu.

“Mma Kelebonye, dumela. Ni mimi Oduetse. Jana kijana wetu ametuambia tusije. Tukavua makoti. Leo binti yenu ametuambia tuje. Nimemwona kwa macho yangu, na miwani nimevaa. Hivi sisi wazee tumfuate nani? Mimi siku zote nimesema, mwanamke anayeonyesha watu jiko lake ataficha nini? Mke wangu amenijibu, basi angalau utajua anapika. Tumekaa, tumejadili. Jumamosi tutavaa makoti. Baki salama.”

Gorata akakaa sakafuni. Krimu ikadondoka kutoka kidoleni.

“Phenyo ataniona nimemchezea,” akasema. “Nimemfuta Jumanne, nimemtangaza Alhamisi.”

“Au ataona umemwomba radhi,” shangazi akasema, macho yakimeremeta ghafla. “Mbele ya watu. Na mwanamume anapenda sana hilo. Sasa nisikilize, mwanangu. Kuhusu hiyo Jumatatu yako, funga mdomo.”

Ijumaa mchana Gorata alikuwa anakanda unga wa msiba aliposikia gari la Phenyo langoni. Alilijua kwa mlio wake wa kikohozi. Hakupata hata muda wa kujitazama. Phenyo aliingia na vumbi la visima vya Letlhakeng mpaka kwenye nyusi, akasimama mlangoni akimtazama, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho Gorata alitamani kingedumu pale milele.

“Leo Ijumaa,” Gorata akasema, kwa kuwa ndilo lililokuja. “Ng'ombe je?”

“Nimewaambia.”

“Wamesemaje?”

“Wamenuna.” Akasogea. “Gori, nimeiona. Nilikuwa kisimani, mtandao haupatikani mpaka upande juu ya tangi. Nikapanda juu ya tangi. Nimeitazama mpaka simu ikazimika. Nilikuwa nimekasirika, nimeapa sirudi. Nikasema moyoni, Gorata ninayemjua hainami kwa mtu. Na ameinama mbele ya watu wote kwa ajili yangu, baada ya upuuzi niliomwambia.”

Nyuma yake, kwenye pazia la mlango wa ndani, kichwa cha Shangazi Kelebonye kilichomoza. Kidole chake kilikuwa mdomoni. Akatikisa kichwa kwa nguvu: usithubutu.

Na kwa kweli ilikuwa rahisi mno. Neno moja asiseme, na mwanamume huyu mwenye vumbi ni wake. Gorata akamtazama, akaona jinsi alivyofurahi, na furaha ile ikamchoma, maana haikuwa imelipiwa.

“Phenyo, ile video ni ya Jumatatu.”

“Imetoka jana.”

“Imetoka jana, nimeisema Jumatatu. Zote huwa nazirekodi Jumatatu. Ilikuwa kabla hujaja, kabla ya ndoo na ubao. Sikuwa naomba radhi. Nilikuwa nimeisahau. Jana nilijaribu kuifuta kwa pua.”

Pazia likaguna.

“Kwa pua?” Phenyo akauliza.

“Mikono ilikuwa na krimu.”

Hakucheka. Akatazama chini, kisha akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, taratibu. Gorata alihisi moyo wake ukishuka mpaka kwenye kandambili.

“Kwa hiyo Jumatatu,” Phenyo akasema, “hatukuwa tumegombana.”

“Hapana.”

“Hukuwa na kosa kwangu.”

“Hapana.”

“Hukuwa unataka kunirudisha, wala kunituliza, wala kitu chochote kutoka kwangu.”

“Nilikuwa nataka mkate ufure tu.”

“Na ukasema vile.”

“Nikasema vile.”

Phenyo akainua uso, na vumbi lilikuwa limelowa chini ya macho. “Gori, njia nzima nimekuja nikijiambia, usifurahi sana, mtu akiomba radhi husema lolote. Kumbe hukuwa unaomba kitu. Hiyo ni furaha kubwa kuliko niliyokuja nayo.”

Gorata akalia waziwazi, unga mikononi. “Lakini Jumanne nilikufuta.”

“Jumanne ulikuwa na hasira.”

“Jumanne nilikuwa na hofu. Naogopa nikiolewa wiki yangu itachukuliwa. Kila mtu atakata kipande chake, na mimi nitabaki nimesimama na trei tupu. Ndiyo maana niliongea habari za keki. Sikujua kuisema hii.”

“Ungeisema.”

“Nimeisema.”

Phenyo akafikiri, kama afikirivyo mbele ya pampu iliyogoma. “Mimi wiki yako siitaki,” akasema mwishoni. “Sitaki kipande. Ninachotaka ni kuwemo, hata kama ni kusugua ndoo. Na nina siku tatu nimewapa ng'ombe bila hata kuulizwa. Mpwa wangu anaweza kuwatazama Jumamosi mbili kwa mwezi. Hakuna ng'ombe aliyewahi kunililia.”

“Na mimi?”

“Wewe unalia sasa hivi.”

Wakacheka pamoja, wakishikana, na pazia likafuta pua kwa kelele.

Kisha Gorata akasimama wima, akajipangusa uso kwa mkono wa gauni, akapiga simu. Alimpigia mteja wa msiba mwenyewe, na kila neno lilimtoka kwa tabu kama jino.

“Mma Seabelo, pole tena na msiba. Nilikuahidi skonzi za kuoka alfajiri. Naomba radhi. Nitazioka leo. Kesho zitakuwa za jana.”

Upande wa pili mwanamke akasema: “Mwanangu, watu wakitoka makaburini hawaulizi skonzi imeiva lini. Kwanza niambie, wajomba wanakuja au hawaji? Hapa msibani hatuna habari nyingine.”

Phenyo alikuwa ameshaenda bombani. Akanawa mikono mpaka viwiko, akasugua, akainua juu kama daktari.

“Grisi haijatoka,” Gorata akasema.

“Haitatoka. Nipe glovu. Nianze na unga upi?”

Jumamosi, kabla jua halijatoka, kulikuwa na foleni langoni kwa Shangazi Kelebonye: waliokuja kwa ajili ya harusi upande mmoja, na wa msiba upande wa pili na ndoo zao. Nyuma yao wakaja wazee wanne wenye makoti na wake zao wenye mitandio mabegani. Wakakuta mgongo wa Mma Seabelo, aliyekuja kuchukua skonzi za msiba mwenyewe.

“Foleni inaanzia kule, wazee,” akasema bila kugeuka. “Mmeagiza ndoo ngapi?”

“Sisi tumekuja kuomba kibuyu cha maji,” Mjomba Oduetse akasema, akivuta koti.

Mma Seabelo akageuka. “Ni ninyi!” Akawapigia wengine kelele: “Pisheni! Pisheni makoti!”

Gorata aliyasikia yote akiwa chumbani, ameketi kitandani na blanketi mabegani, amekatazwa kutoka wala kutoa sauti. Alimsikia shangazi akiwakawiza wageni langoni kama inavyotakiwa, akiwauliza ni akina nani na wametoka wapi, ilhali alikuwa ameongea nao simu wiki nzima. Alisikia viti vikiburutwa uani. Akasikia maneno ya kale yakisemwa kwa zamu mpaka mwisho.

“Tumesikia ombi lenu,” shangazi akasema. “Tutakaa na wakubwa wetu, tutawajibu.”

“Ni vizuri,” Mjomba Oduetse akasema. “Lakini nina neno. Tumemsikia binti kwenye simu. Simu husema mengi, na siku hizi naambiwa husema Alhamisi yaliyosemwa Jumatatu. Nataka kumsikia yeye. Leo. Jumamosi, na kazi zake zote.”

“Rra Oduetse! Mila hairuhusu binti aulizwe.”

“Mila haikuruhusu atuite pia, na tumeitika.”

Gorata, ambaye kila wiki alizungumza na maelfu ya watu asiowajua bila kupepesa jicho, alifungua mdomo na hakupata sauti. Hapakuwa na kilemba cha kubadilisha, wala pa kubonyeza ili aanze upya. Akasimama, blanketi likaanguka. Akaenda dirishani, akasogeza pazia kidogo. Mbali kule barabarani aliliona gari la Phenyo limeegeshwa, na Phenyo ndani yake, maana bwana harusi haruhusiwi kusogea, amekumbatia usukani kwa mikono miwili.

“Ndiyo,” Gorata akasema.

“Hatujasikia,” mjomba akasema, ingawa alikuwa amesikia.

“Ndiyo! Nimekubali! Namtaka siku zote saba!”

Wanawake wenye mitandio wakapasua anga kwa vigelegele. Walioshika keki ya harusi wakavipokea. Na langoni Mma Seabelo, ndoo ya skonzi kichwani, akapiga kimoja kirefu kuliko vyote, kisha akakumbuka kwamba amefiwa, akaziba mdomo kwa kiganja, akaangalia huku na huku, akakimalizia ndani ya kiganja.